Siku Niliyomstahi Mkwe Wangu

Ukifika Garsen ukauliza fundi mwenye mdomo mbaya kuliko wote, hutazungushwa. Utaletwa kwangu. Mimi ni Gona, na gereji yangu ni bati nne na nguzo sita kando ya barabara ya kwenda Lamu, mkabala na kibanda cha chai cha Batula. Hapo natengeneza kitu ambacho watu hukipuuza: pale nyuma ambapo trekta hushikana na mzigo wake, uwe ni trela, jembe au tangi la maji. Mtu atabadilisha matairi, atapaka rangi, ataandika jina la mtoto wake mbele kwenye boneti. Lakini lile tundu la kupitisha pini haliangalii mpaka siku trela linapobaki njiani na trekta likaenda zake.

Kwa hiyo mimi hufoka. Khalid, yule anayewapelekea wafugaji maji, aliwahi kuniletea tangi lake limefungwa kwa kipande cha nondo badala ya pini, na nondo yenyewe imepinda. Nilimwambia mbele ya watu kwamba kama haja yake ni kuua mtu, panga linauzwa pale dukani na halinywi dizeli. Alinuna siku mbili, siku ya tatu akaja na pini ya maana. Sikumwomba radhi. Wanaonijua husema Gona ana moyo mzuri ila mdomo umemshinda, na wakisema hivyo sibishani nao, kwa sababu ndivyo nilivyopenda kujiona.

Mtu mmoja tu sikuwahi kumpandishia sauti, na ndiye niliyepaswa kumpandishia.

Mkwe wangu anaitwa Kadii. Nalitaja jina hapa kwa sababu nyinyi hamumjui; mbele yake sijawahi kulitamka, wala yeye hajawahi kulitamka langu. Kwetu sisi Wagiriama, mama wa mke wako ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Huli naye, huingii anapolala, mkikutana njiani mnapishana kila mmoja akiangalia majani ya upande wake, na mkiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa kati. Wengi wameacha siku hizi. Nimewaona vijana Malindi wakipiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao. Mimi niliishika desturi, tena niliishika kwa maringo, maana kila mtu alisema sina adabu na hapo ndipo nilipokuwa na ushahidi kwamba ninayo. Miaka kumi na moja ya ndoa, kila neno kati yangu na mama huyo lilipita mdomoni mwa mke wangu, Beryl.

Na mama huyo ana trekta. Alibaki mjane kule Kilelengwani na watoto watano na mashamba ya marehemu, akauza alivyouza, akanunua trekta jekundu kuukuu pamoja na trela lake. Kuendesha hajui. Alimwajiri Wario, bwana mmoja Muorma aliyekulia kwenye ng'ombe; Wario huyo akaenda kujifunza udereva, akarudi anaongea na injini kama anavyoongea na ndama. Wakati wa kulima wanalima mashamba ya kijiji kizima. Wakati wa kuvuna wanabeba mahindi kutoka ukingo wa mto mpaka barabarani. Kule mvua ikinyesha gari haliingii, na hata pakikauka lile tope jeusi hupasuka nyufa za kumeza gurudumu. Trela la mkwe wangu ndilo gari la mahindi, ndilo la wagonjwa, ndilo la maharusi.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka jana. Mahindi yalikuwa yamekomaa na mawingu yalikuwa yamerudi kabla ya wakati wake. Jumatano asubuhi Wario akaingia gereji na trekta, trela tupu nyuma. Mkwe wangu alikuja naye. Alishukia ng'ambo ya barabara, akaketi kwa Batula, akanipa mgongo, leso ya manjano kichwani, kila kitu kama inavyotakikana. Nyumba yetu iko nyuma ya gereji, kwa hiyo Beryl akatoka mara moja kwenda kumwamkia mama yake.

"Fundi, inagonga," Wario akaniambia. "Nikishika breki trela linanipiga mgongoni. Nikiondoka linanivuta nyuma. Meno yananiuma."

Nikajilaza chini nikaingia. Nikafuta grisi kwa tambara na dizeli. Kuna chuma kinene, bapa, kinachotokeza nyuma ya trekta, na trela hufungwa hapo kwa pini. Sisi hukiita tu chuma cha kuvutia. Tundu lake lilikuwa limelika likawa refu kama yai, na pini imechimbika kiuno. Hayo si kitu, hiyo ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Lakini nilivyoendelea kufuta, mbele kidogo ya tundu, nikaona mstari. Mwembamba, mweusi, unaanzia ukingoni mwa tundu na kufika karibu nusu ya upana wa chuma. Nikapitisha ukucha, na ukucha ukaingia.

Chuma kilichofika hapo kimekwisha. Unaweza kukichomelea juu, ukajaza tundu, ukasaga likarudi kuwa la mviringo na likapendeza macho. Lakini ule moto hukausha chuma pembeni mwa mchomeleo, na ufa unaendelea kutembea ndani usikouona. Dawa yake ni kukitupa, uagize kingine kutoka Mombasa, ukitoboe, ukifunge. Siku nne. Tano, basi likichelewa.

Angekuwa mtu mwingine, mngenisikia mpaka Wenje. Maneno yalikuwa yamekwisha kupanda, yako hapa kooni. Nilitoka chini ya trekta, nikamtazama Wario, nikavuta pumzi, na nyuma yake nikauona mgongo wa mkwe wangu. Nikayameza. Nilifikiri, nikimfokea dereva wake naye yuko pale anasikia, nimemfokea yeye. Kesho watasema Gona amemtukana mama mkwe barabarani.

"Chuma kimechoka kidogo," nikamwambia Wario.

Wario akanikodolea macho. "Fundi, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona mpole? Umeokoka?"

Nilimpungia mkono Beryl, akaja, nikamvuta kando karibu na mashine ya kusaga.

"Mwambie mama chuma kimekufa," nikamwambia. "Kimepasuka. Trela lisivutwe hata hatua moja mpaka nilete kingine. Siku tano."

Kutoka gereji mpaka kwa Batula ni hatua arobaini. Nimezipiga baadaye mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Beryl alivuka, akachutama karibu na mama yake, wakaongea. Sikusikia kitu. Nilimwona tu mkwe wangu akitikisa kichwa polepole, akitazama mawingu upande wa bahari, kisha akasema neno refu kidogo. Beryl akarudi.

"Mama anakushukuru sana," akasema. "Anasema mahindi yameanza kulala chini, na majirani wote wanalitegemea trela. Anaomba umsaidie kadiri utakavyoweza, hayo mengine atayaangalia baada ya mavuno."

"Umemwambia kimepasuka?"

"Nimemwambia unaona afadhali lipumzike kidogo."

"Lipumzike? Beryl, mimi nimesema kimekufa."

"Baba Charity," akasema, akiniita kwa jina la binti yetu kama anavyofanya akitaka nitulie, "siwezi kwenda kwa mama yangu nikamwambia mkweo anasema kimekufa, usiondoke. Nimelisema kama linavyosemwa."

Hapo nilipaswa kuvuka barabara. Nalijua hilo leo hata nikifumba macho. Nisimame mbele ya yule mama niseme kwa mdomo wangu, aone haya, nione haya, tumalize. Au nimkamate Wario shati nimpigie kelele mpaka vikombe vitikisike kwa Batula. Nilikuwa na njia mbili na zote zilikuwa fupi. Badala yake nikavaa miwani, nikawasha mashine ya kuchomelea.

Nilijaza tundu tabaka juu ya tabaka, nikaacha lipoe, nikasaga, nikatoboa upya, nikatia bushi, ile pete ya chuma ya kuvika tundu, na pini mpya. Chini nikaongeza bamba la kushikilia. Ilikuwa kazi safi juu ya chuma kibovu. Nikajiambia kitavuka mavuno, ni wiki mbili tu, halafu nitakitoa mwenyewe. Kazi ilinichukua mpaka saa nane, na muda wote huo mkwe wangu hakutoka pale kwa Batula. Wario alipokuwa anapanda nikamshika goti nikamwambia, "Usijaze. Nusu nusu. Na watu wasipande." Baadaye aliniambia nililisema kama mtu anayemwomba jirani chumvi. Hakuona kama ni amri.

Kabla hawajaondoka mkwe wangu alipita mbele ya gereji, macho chini, nami macho chini. Akamwambia Beryl kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie mkwe wangu Mungu ambariki." Nilijisikia vizuri. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba jioni ile nilikaa nikanywa chai yangu nikijiona mtu mwenye adabu zake.

Ikapita wiki na siku mbili. Ilikuwa mchana, saa saba hivi.

Ukitoka mashambani kule kuna mahali unapanda tuta ili uingie barabarani. Mwinuko mfupi lakini mkali. Desturi yao ni mtu mmoja kutembea nyuma ya trela na gogo mkononi, ili trekta likishindwa, aliweke nyuma ya gurudumu mzigo usirudi. Kazi hiyo mkwe wangu hakumpa mtu yeyote. Alisema vijana wanatembea macho kwenye simu. Tena kabla ya kupanda aliwateremsha wote waliokuwa juu ya magunia, akina mama na watoto wao, watembee pembeni. Ndiyo maana wote walipona. Sijaona mwanamke mwangalifu kama yule. Nyuma ya trela alibaki yeye peke yake.

Wario anasema hakusikia mlio. Trekta liliruka mbele, likawa jepesi. Alipogeuka aliliona trela linashuka kinyumenyume na magunia yake thelathini, limejazwa mpaka juu, na mama ameinama analiweka gogo. Hakukimbia. Aliliweka kama anavyoliweka siku zote. Gurudumu moja likapanda juu ya gogo, trela likayumba, likalala ubavu, na ubavu ule ukamshika mguu wa kulia.

Wario ndiye aliyenipigia simu, analia, mtu mzima na ndevu zake. Nilipofika kwa pikipiki walikuwa wamekwisha kumtoa na kumlaza ndani ya gari la mtu, apelekwe Malindi. Sikumwona uso. Nilisimama mbali, hata pale, kwa sababu ndivyo inavyotakikana, nikaliangalia gari likiondoka. Kisha nikaenda kwenye trekta. Chuma kilikuwa kimekatika palepale nilipopitisha ukucha. Sehemu ya ufa wa zamani ilikuwa nyeusi kwa kutu na grisi, ile iliyokatika siku hiyo ilikuwa nyeupe, inametameta, na nyeupe yenyewe haikuzidi upana wa kidole gumba. Kidole gumba ndicho kilichokuwa kinavuta magunia thelathini. Mchomeleo wangu, ule wa juu, ulikuwa mzima kabisa.

Malindi wakamkata mguu juu ya goti.

Ndani ya basi, tukimfuata Malindi baada ya kupata habari hiyo, nilimlaumu Beryl. Nasema ukweli wangu. Nilimwambia kwamba ni yeye, na maneno yake ya kupakapaka mafuta, na kwamba angelibeba neno langu kama nilivyompa, mama yake angekuwa na miguu miwili. Kwa Beryl sauti yangu haikukwama hata kidogo, abiria wote walisikia. Alitazama nje njia nzima, analia bila kujifuta, na tulipofika alitangulia kuteremka akaenda mbele yangu bila kunisubiri.

Siku tatu nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi. Beryl anaingia, anatoka. "Mama anasema pole kwa safari." "Mama anauliza kama umekula." Mtu amekatwa mguu kwa sababu yako na anauliza kama umekula. Nilikuwa nikijibu kupitia Beryl kwamba nimekula, na nilikuwa sijala. Usiku nililala kwa shemeji yangu bila kulala, asubuhi narudi kwenye benchi. Niliona aibu, nikaona hasira, kisha nikabaki na aibu tupu.

Siku ya nne sikuweza tena. Nikasimama, nikaingia.

Beryl alishtuka akainuka kama anayetaka kunizuia, halafu akanipisha. Mkwe wangu aliponiona alivuta shuka mpaka kidevuni. Upande wa kulia shuka ilikuwa imelala tambarare. Nikapiga magoti sakafuni ili nisimwangalie kutoka juu.

"Mama," nikasema. Lilikuwa neno la kwanza nililowahi kumfikishia mwenyewe. "Mimi niliuona ufa. Siku ile Garsen niliuona kwa macho yangu. Nilijua hakitavumilia, nikakichomelea nikakurudishia. Nisamehe."

Aliikaza ile shuka kidevuni. Nilidhani ameudhika kwamba nimeingia. Sivyo.

"Uliuona?" akauliza.

"Niliuona."

"Mimi nilikaa kwa yule mama wa chai tangu saa mbili mpaka saa nane," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka, na alikuwa anaongea na mimi, si na Beryl. "Hukujiuliza kwa nini? Nyumba ya mwanangu iko pale nyuma, ningeingia nijinyooshe. Nilikaa ili nikusikie. Kilelengwani nzima tunajua, chuma kikiwa kibovu wewe hupasua watu masikio. Mimi siwezi kukuuliza, nawe huwezi kunijibu. Lakini Wario si mkweo. Nilimleta mpaka ndani umfokee yeye, mimi nisikie huku nimegeuka. Beryl alipokuja na maneno yake sikuyatilia maanani. Ni mtoto wangu, namjua, hata moto huuita vuguvugu. Nilingoja sauti yako. Haikuja. Wario akatoka anacheka, ananiambia leo fundi mpole kama mtoto. Nikasema moyoni, basi ni kizima. Ndipo nikajaza trela."

Miaka kumi na moja nilidhani mimi ndiye ninayeijua adabu hii na kuibeba. Kumbe yeye alikuwa ameniachia mlango ndani ya adabu hiyo, mlango wa mtu mzima mwenye akili, na mimi nikasimama mbele ya mlango huo na kuufunga.

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Najua."

Alilisema bila hasira. Nilitamani awe nazo. Nilitamani anitemee mate usoni mbele ya wodi nzima, ningeondoka pale mwepesi kidogo. Nililia mbele yake kama mtoto na sikuona haya tena.

"Basi nifokee sasa," akasema.

"Mama?"

"Nifokee. Yale uliyotaka kumwambia Wario siku ile, yaseme. Nataka niyasikie, nijue yangekuwaje."

Nikafungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo yote, nilikuwa nimeyatunga chini ya lile trekta, moja baada ya jingine. Wagonjwa wengine walikuwa wananitazama. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikaona macho ya Beryl, yaleyale, na sauti haikutoka. Nikajaribu tena, na tena haikutoka.

Alingoja. Alinipa muda wa kutosha. Kisha akageuza uso upande wa dirisha, nami niko palepale nimepiga magoti, mkono wangu juu ya kitanda chake, akamwambia mwanawe:

"Beryl, mwambie mkwe wangu nimechoka. Aende zake akapumzike."

Beryl akanigeukia, akaniambia.